Bati Halinunuliwi kwa Rangi

Mwalimu anayestaafu huku kwetu Tanga hupeleka sehemu kubwa ya kiinua mgongo chake kwenye paa, na hapati kiinua mgongo cha pili. Lakini dukani huulizwa mambo mawili tu: geji gani, rangi gani? Siyakubali maswali hayo. Geji ni unene. Namba ikipanda, bati huwa jembamba. Rangi ni vazi. Kinachopigana na chumvi ya Raskazone au Pangani ni utando wa zinki ulio chini ya rangi, maana zinki huliwa kwanza ili chuma kipone. Utando huo hupimwa kwa gramu kwa kila mita ya mraba, pande zote mbili pamoja. Bati la Z275 lina gramu 275. La Z100 lina 100 tu. Na yote mawili yaweza kuwa geji 28, mekundu, yanameta sawasawa!

Muuzaji atakuapia kuwa hili ni msauzi, halishiki kutu. Mwambie aziandike gramu kwenye risiti. Wako watakaoniita mkorofi, na waniite. Akikataa kuandika, funga mkoba wako, nenda duka la pili.