Nukta na Jicho
Juma hili, katika duka la bunduki mjini Malmö, Uswidi, makao ya kampuni ya Aimpoint iliyotoa kilengeo cha umeme chenye nukta nyekundu mwaka 1975, nilimtazama mwindaji kijana akivutiwa na nukta kubwa kwa kuwa yang'ara, asitafakari kwamba nukta ya dakika 6 za pembe hufunika takriban sentimita 17 kwenye masafa ya mita 100, ilhali ya dakika 2 hufunika 6 tu. Nukta kubwa hudirikiwa upesi, ndogo huhakikisha usahihi. Lakini jicho ndilo kadhi wa shabaha, na mwenye jicho lenye dosari ya umbo huiona nukta imetawanyika hata kilengeo kiwe ghali namna gani. Anunuaye mwangaza pasipo kulijaribu jicho lake humdhulumu mnyama, mwenye haki ya kufa kwa risasi moja.