Chuchu Zinapouma kwa Kunyonyesha



Wiki hii tumeona tulizungumze jambo ambalo mabinti wengi huona haya kulitamka, hata mbele ya mama zao. Binti mmoja wa jamaa zetu, mzazi wa mtoto wa kwanza, tulimkuta siku ya sita akimnyonyesha mwanawe huku ameuma pindo la leso na machozi yanamtiririka. Chuchu zilikuwa zimepasuka na kutoa damu. Wakubwa waliokuwapo walimwambia avumilie, kwani kila mwanamke amepitia hayo. Mwenyewe alikuwa amekwisha kumtuma mumewe akanunue maziwa ya kopo.

Hatukumlaumu. Aya ya 233 ya Surat al-Baqara imetaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, na aya hiyo hiyo imekataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe.

Uchungu kidogo mtoto anaposhika ziwa, katika siku za mwanzo, ni wa kawaida na hutulia baada ya muda mfupi. Uchungu usiokoma, au vidonda, aghalabu hutokana na mtoto kushika ncha ya chuchu peke yake. Hapo chuchu hubanwa baina ya ulimi na kaakaa, na akiiachia utaiona imekuwa bapa.

Binti yetu alikuwa amempakata mtoto chali, shingo tu ndiyo iliyogeuzwa. (Jaribu wewe kunywa maji huku umetazama begani!) Tulimwekea mto mgongoni, tukamgeuza mtoto mwili mzima, tumbo lake likaelekea tumbo la mama na pua ikawa mkabala wa chuchu. Tukangoja apanue kinywa kama apigaye miayo, ndipo akasogezwa yeye kwenye ziwa, si ziwa kusukumwa kwake. Kidevu kiguse ziwa, mdomo wa chini ukunjuke kwa nje, na sehemu kubwa ya duara jeusi iingie kinywani, hasa upande wa chini. Akibana bado, usimvute. Tia kidole kidogo kilicho safi pembeni mwa kinywa chake, aachie, uanze tena. Alianza tena mara tatu. Mara ya nne aliliachia lile pindo la leso.

Kwa vidonda vyenyewe, dawa ya kwanza anayo mama: baada ya kunyonyesha akamue matone machache ya maziwa yake, ayapake, ayaache yakauke kwa hewa. Malai ya lanolini safi pia hufaa, wala haihitaji kufutwa kabla ya mtoto kunyonya. Sabuni na spiriti zikaushazo ngozi ziepukwe. Maji matupu yatosha. Aanzie upande wenye nafuu, na sidiria iliyolowa aibadilishe. Maumivu yakizidi, akamue kwa mkono na kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo kilicho safi, hadi apate nafuu.

Hapa tuna neno kwa mama na mavyaa zetu. Asali ni shifa, hilo hatulibishi, ila isipakwe chuchuni wala asirambishwe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Huenda ikawa na vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda, lakini katika tumbo la mchanga hukua na kutoa sumu inayolegeza misuli, hata ile ya kupumulia.

Damu kidogo anayoimeza mtoto kwa kawaida haimdhuru. Lakini mama anayeishi na virusi vya ukimwi, akiona chuchu zimepasuka, asinyonyeshe upande huo kabla ya kuonana na mhudumu wa kliniki. Wengine nao wasikawie ikiwa ziwa limekuwa jekundu, gumu na la moto pamoja na homa, au chuchu zinachoma hata baada ya kunyonyesha na kinywani mwa mtoto mna utando mweupe usiofutika. Hapo mama na mtoto hutibiwa pamoja. Na mtoto ambaye kila akiwekwa vizuri bado anabana, aangaliwe chini ya ulimi, kwani baadhi huzaliwa na ulimi uliofungwa.

Wiki ijayo, inshaAllah, tutazungumzia maziwa yanapochelewa kushuka.