Thamani Halali na Neno la Msemaji: Kimbugu cha Lushoto katika Hifadhidata

Utangulizi

Mtafiti anayepeleka rekodi zake za sauti katika hifadhi ya kidijitali hukutana kwanza na fomu kabla ya kukutana na sarufi. Fomu hiyo ina nyuga: uga wa lugha, uga wa mahali, uga wa aina ya matini, uga wa tarehe. Baadhi ya nyuga hupokea maneno yoyote. Nyingine hukubali tu thamani zilizokwisha kuorodheshwa, na kisichomo katika orodha hukataliwa. Aghalabu wanaisimu huichukulia kazi ya kujaza fomu kuwa ya karani, isiyo na uzito wa kitaaluma. Makala haya yanaupinga mtazamo huo. Yanadai mambo mawili. Kwanza, orodha ya thamani halali yapasa kuulizwa kwa mwenye orodha kila inapotumika, wala isitegemewe nakala iliyohifadhiwa kichwani au katika daftari. Pili, uhalali wa thamani si sawa na ukweli wake; kwa hiyo pale orodha inapopungukiwa, neno la msemaji halina budi kuhifadhiwa kando ya msimbo. Mfano mkuu ni lugha ya Wambugu wa Lushoto.

Orodha inayoulizwa

Kanuni ya kwanza inadhihirika vizuri zaidi nje ya isimu. Bugzilla ni mfumo wa kufuatilia hitilafu za programu za kompyuta, uliotolewa na mradi wa Mozilla mwaka 1998. Kila hitilafu huandikiwa kumbukumbu yenye nyuga kama vile hali, ukali, bidhaa na sehemu ya bidhaa. Nyuga hizo ni funge, lakini orodha zake si moja kila mahali, kwa kuwa msimamizi wa kila usakinishaji anaweza kuongeza thamani au kuzizima. Hata orodha ya msingi imewahi kubadilika: toleo la 4.0 la mwaka 2011 liliacha hali zilizoitwa NEW na ASSIGNED katika usakinishaji mpya na kuweka CONFIRMED na IN_PROGRESS. Programu iliyokuwa imenakili majina ya zamani ndani yake ingekataliwa ilipojaribu kuandika katika usakinishaji mpya, ingawa haikuwa imebadilika hata herufi moja.

Dawa ya tatizo hili imo katika mfumo wenyewe. Bugzilla ina kiolesura cha programu, yaani mlango ambao programu moja huutumia kuiuliza nyingine. Kupitia mlango huo, programu huweza kuuliza: uga huu unakubali thamani zipi? Jibu huleta zaidi ya majina. Kwa uga wa hali, kila thamani huja na orodha ya hali ambazo hitilafu inaweza kuhamia kutoka hapo. Kwa uga wa sehemu, thamani zinazokubalika hutegemea bidhaa iliyochaguliwa. Mwanafunzi wa sarufi ya Kiswahili hatauona utaratibu huu kuwa mgeni. Kivumishi -zuri hakiwezi kupewa kiambishi mpaka nomino ijulikane: kitabu kizuri, mti mzuri, nyumba nzuri. Anayekariri viambishi bila kuitazama nomino atakosea hata kama kila kiambishi alichokariri ni halali. Kuuliza si ujinga. Katika mifumo hii, kuuliza ndiyo kanuni.

Orodha za Usambara

Historia ya Usambara inaonyesha kwamba orodha hubadilika hata pale zinapodhaniwa kuwa imara. Mji wa Lushoto uliandikwa Wilhelmstal katika ramani za utawala wa Wajerumani. Anayetafuta nyaraka za kipindi hicho kwa jina la leo pekee hatazipata zote, na anayetafuta za leo kwa jina la zamani atarudi mikono mitupu. Wilaya ya Lushoto nayo ilikuwa na halmashauri moja. Katika muongo wa 2010 ilianzishwa ya pili, ya Bumbuli. Kwa hiyo mtu akiandika "Lushoto" bila kueleza kama anajaza uga wa wilaya au uga wa halmashauri, kijiji cha Bumbuli kinaweza kuingizwa pasipo pake.

Hata ua mashuhuri la milima hiyo halikusalimika. Mwaka 1893 mtaalamu wa mimea Hermann Wendland aliliweka katika jenasi mpya, Saintpaulia, kwa heshima ya afisa wa Kijerumani Walter von Saint Paul-Illaire. Mwaka 2015 watafiti waliiingiza jenasi hiyo katika Streptocarpus. Ua halikubadilika, thamani yake katika uga ndiyo iliyobadilika.

Ama kuhusu lugha, Kisambaa kinaandikwa Kisambaa, Kishambaa, Kishambala na hata Kisambara, kutegemea mwandishi. Hapa ndipo faida ya orodha funge inapoonekana. Kiwango cha ISO 639-3, kilichochapishwa mwaka 2007, kinakipa msimbo mmoja, ksb. Kwa msimbo huo rekodi zote hukusanyika pamoja hata kama majina yametofautiana. Asiyetaka orodha funge kabisa ajiulize ni nani atakayetafuta kwa tahajia zote nne.

Kimbugu na kikomo cha msimbo

Katika milima hiyohiyo, hata hivyo, yupo msemaji ambaye orodha haimtoshi. Wambugu wa Lushoto wana namna mbili za kusema. Moja ni Kimbugu cha kawaida, ambacho kinakaribiana sana na Kipare. Ya pili ni Kima'a, ambacho msamiati wake una maneno mengi yenye asili ya Kikushi, ilhali sarufi yake ni ya Kibantu. Wanaisimu wamejadili hali hii kwa muda mrefu. Greenberg alikiweka Kimbugu katika lugha za Kikushi. Thomason na Kaufman (1988) walikitumia kama mfano wa ukopaji uliopita mipaka ya kawaida. Mous (2003), baada ya utafiti wa kina, aliueleza kuwa ni msamiati sambamba: wasemaji walewale, sarufi ileile, leksia mbili, na uchaguzi kati yake hubeba maana ya utambulisho.

Sasa na ichukuliwe kwamba mtafiti amemrekodi mzee mmoja akisimulia historia ya ukoo wake, akianza kwa Kimbugu cha kawaida na kuhamia Kima'a. Anafika kwenye uga wa lugha na kuiuliza orodha. Orodha inajibu: mhd, Mbugu. Msimbo ni mmoja. Akiuandika, fomu inapokewa na hakuna kosa linaloripotiwa. Lakini tofauti ambayo msemaji aliichagua kwa makusudi, na ambayo ndiyo kiini cha mjadala wote wa kitaaluma, imefutika katika uga huo. Miaka hamsini baadaye, mjukuu wa mzee huyo akitaka kusikiliza Kima'a peke yake, hifadhi haitaweza kumtengea. Mfumo hautaonyesha hitilafu yoyote, kwa kuwa kwa mujibu wa mfumo kila kitu kilikuwa halali.

Hapa haifai kuilaumu ISO. Kiwango hicho kinaorodhesha lugha, wala hakikukusudiwa kuorodhesha rejista ndani ya lugha; na kama Mous yuko sahihi, Kima'a ni rejista. Kosa ni la mtafiti anayedhani kwamba uga mmoja unaweza kubeba maswali mawili: "ni lugha gani?" na "imesemwa kwa namna gani?"

Njia halali za kusema zaidi zipo. Utaratibu wa vitambulishi vya lugha unaotumika katika intaneti, uitwao BCP 47, unaruhusu nyongeza ya kibinafsi baada ya herufi x. Hivyo kundi la watafiti laweza kukubaliana kuandika mhd-x-kawaida na mhd-x-ndani, ya pili ikiwa ya Kima'a, na vitambulishi hivyo vikapita kanuni za umbo bila pingamizi. Kwa kuwa nyongeza hizo hueleweka tu kwa waliokubaliana, maelezo yake lazima yaambatane na mkusanyo. La muhimu zaidi, uwepo uga huru ambamo jina alilolitumia msemaji mwenyewe kwa usemi wake linaandikwa kama lilivyotamkwa, bila kusahihishwa.

Hoja za upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba kuiuliza orodha kila mara hakuwezekani pale ambapo mtandao haufiki. Hoja hiyo ni ya kweli kwa vijiji vingi vya milimani, lakini haibatilishi kanuni. Mtafiti na achukue nakala ya orodha, aandike tarehe aliyoichukua, na ailinganishe na ya mwenyewe kabla ya kuwasilisha data. Nakala yenye tarehe ni ushahidi. Nakala isiyo na tarehe ni uvumi.

Wengine watasema kwamba thamani zikibadilika daima, kumbukumbu za zamani zitapoteza maana. Mifumo iliyotungwa vizuri imekwisha kulijibu hilo. Katika Bugzilla, thamani iliyozimwa haichaguliwi tena kwa kumbukumbu mpya, lakini hubaki katika zile za zamani. ISO 639-3 nayo hutunza orodha ya misimbo iliyostaafishwa pamoja na sababu zake, na hupokea maombi ya mabadiliko ambayo huhakikiwa kila mwaka. Mlango wa maombi hayo uko wazi kwa wataalamu wa vyuo vya Afrika Mashariki. Mtu anayelalamika kwamba jina la lugha limeandikwa vibaya na wageni, lakini hajawahi kupeleka ombi, amekubali wengine wamsemee.

Hitimisho

Kinachopendekezwa hapa si kigumu. Kozi za mbinu za utafiti katika idara za Kiswahili zifundishe ujazaji wa nyuga kama sehemu ya uchambuzi, si kama kiambatisho. Wanafunzi wazoezwe kuuliza orodha kwa mwenyewe, kuandika tarehe ya jibu, kutenganisha uga wa lugha na uga wa rejista, na kulihifadhi neno la msemaji kando ya msimbo. Mashine ina haki ya kueleza ni thamani zipi itakazozipokea. Kuhusu kile kilichosemwa na mzee wa Kimbugu siku ile ya kurekodiwa, mamlaka ni yake mwenyewe, na fomu yoyote isiyompa nafasi ya kusema hivyo haijakamilika, hata kama imepokewa.