Fumbo si Letu Peke Yetu

Sisi wa pwani hudhani fumbo ni mali yetu, kwa kuwa tuna Muyaka bin Haji. Nilipofika Homa Bay, kisha Migori, gitaa la benga lilinisuta. Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati ng'ambo ya mpaka, aliwasema wakubwa kwa visa vya wanyama. Akatiwa ndani zaidi ya mara moja, wala hakunyamaza mpaka ajali ya gari ilipomchukua mwaka 2006.

Mwanamuziki niliyeketi naye Migori huimba pakruok, sifa za mwenye kutoa pesa.

"Mzee, watoto wanataka kula," aliniambia.

Sikuwa na jibu. Nami nimewahi kutunga mashairi ya harusi za matajiri nisiowapenda.