Kanuni ya motokari ianzie ndani ya shimo

Baba na mama wa Kibabi, motokari ya leo haitembei tena na moteri na mafuta peke yake. Ndani yake muko kompyuta ndogo-ndogo nyingi: moja inaamuru freni, ingine inafungua mfuko wa hewa wakati motokari inagonga. Vyombo vile vinatumia tantale, na tantale inatoka ndani ya koltani, ile vijana wetu wanachimba.

Tangu mwaka 2011 watengenezaji wa motokari wako na kanuni ya dunia, ISO 26262. Inauliza jambo moja: kipande hiki kikiharibika, ao programu hii ikikosea, mtu ataumia namna gani? Hatari ikiwa kubwa, majaribio yanazidi, na kila hatua inaandikwa. Ni akili nzuri. Lakini juu ya nini hakuna mtu anauliza vile kuhusu shimo?

Kwa miaka mingi mifuko ya koltani ya Masisi ilikuwa inafungwa etiketi, ili mnunuzi ajue imetoka wapi. Etiketi haisemi kama shimo liko na miti ya kulishikilia, wala kama hewa inafika chini. Sheria ya Kongo inakataza mchimbaji wa mkono kupita metre 30. Wachimbaji wenyewe wanajua mashimo yaliyopita pale.

Wengine watasema: wakaguzi wanakuja. Sawa, lakini tukumbuke Volkswagen. Mwaka 2015 ilijulikana kama programu yake ilikuwa inatambua wakati wa kupimwa. Siku ya kipimo moshi ni safi. Barabarani ni mchafu. Motokari karibu milioni 11 zilikuwa na ujanja ule. Shimo linalosafishwa kwa siku ya mkaguzi tu ni ujanja ule ule. Usalama unapimwa siku ya mvua, wakati hakuna mgeni.

Mwingine atauliza: tukingojea miti, watoto watakula nini? Ni kweli. Ndiyo maana bei ya miti isibebwe na mchimbaji peke yake. Itoke ndani ya bei ya koltani, na kooperative ionyeshe wachimbaji franga zile zimenunua nini. Mwenye kulipa majaribio ya programu juu ya kulinda dereva wa Ulaya, hawezi kushindwa kulipa miti juu ya kulinda mchimbaji wa Kibabi.