Kumcha Mungu si Kumwogopa Mkaguzi

Mtumishi Muislamu anayetawadha adhuhuri katika mwezi wa Ramadhani, jua la Dar es Salaam likiwa limesimama utosini, huyatia maji kinywani, akasukutua, akayatema. Koo lake limekauka tangu alfajiri. Lau angemeza funda moja hapana ambaye angejua: si mkuu wake wa kazi, si imamu, wala si mkewe aliyeamka usiku kumwandalia daku. Naye hamezi. Hufanya hivyo kwa siku 29 au 30 mfululizo, na hatujapata kusikia kwamba imeundwa tume ya kumsimamia.

Lakini yawezekana mtu huyo huyo, akisha kuswali, akarejea mezani pake na kutia sahihi hati ya masurufu ya safari ya siku sita ilhali alisafiri siku mbili. Au akamwambia mstaafu aliyetoka mkoani kufuatilia kiinua mgongo chake kwamba jalada halionekani, na jalada limo katika mtoto wa meza, linasubiri kile kiitwacho chai.

Hatuna budi kujiuliza kwa nini hofu iliyomzuia kumeza funda la maji haikumzuia kumeza haki ya mwenzake. Wengi hujibu haraka kwamba mtu huyo ni mnafiki na saumu yake ni ya uongo. Mimi sikubaliani nao. Saumu yake ni ya kweli, na hofu yake ni ya kweli. Tatizo ni kwamba hofu hiyo imefungiwa ndani ya ibada kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni asiruhusiwe kuingia vyumba vingine. Na imefungiwa humo kwa sababu Waislamu wengi tulitishwa kwa jina la Mungu, lakini hatukulelewa kumcha.

Lugha yetu imevitenganisha vizuri vitu hivi viwili. Mtu huogopa simba, huogopa giza, humwogopa askari. Lakini Mungu humcha. Ndani ya kucha imo hofu, ila ni hofu iliyochanganyika na heshima, mapenzi na utambuzi wa ukubwa wa Yule unayemcha. Aogopaye simba humkimbia, na amchaye Mungu humkimbilia. Wazee wa tasawufi walikwisha kulieleza hilo zamani. Kiarabu nacho kina khauf na khashya, na wanazuoni husema kwamba khashya ni hofu inayozaliwa na ujuzi. Ndiyo maana Kurani, katika Sura ya 35, imeihusisha khashya na wenye elimu miongoni mwa waja.

Tofauti hiyo inaonekana wazi katika kisa mashuhuri kinachosimuliwa juu ya Khalifa Umar bin Khattab, aliyetawala kuanzia mwaka 634 hadi 644. Umar alikuwa amepiga marufuku kuchanganya maziwa na maji. Usiku mmoja, akiwa katika doria yake mjini Madina, alimsikia mama akimhimiza binti yake atie maji katika maziwa ya kuuza asubuhi. Binti akamkumbusha amri ya Khalifa. Mama akajibu kwamba Khalifa hayupo hapo wala hawaoni. Binti akasema kuwa kama Khalifa hawaoni, Mola wa Khalifa anawaona.

Husahauliwa mara nyingi kwamba mama naye alikuwa na hofu. Alimwogopa Umar, mtawala mkali ambaye alizunguka mitaani mwenyewe usiku. Kwa kuwa alimwogopa Umar tu, aliupima umbali wa Umar kwa macho, akaona unatosha. Hivyo ndivyo afanyavyo mtumishi anayemwogopa mkaguzi: hujifunza ratiba ya mkaguzi. Hukumu, vyombo vya uchunguzi na ukaguzi wa hesabu ni vitu vya lazima, na hakuna mtu mwenye akili atakayetaka viondolewe. Ila vyote vina saa za kuja na saa za kuondoka.

Kisa hicho kinaendelea kwamba Umar alimwoza binti yule kwa mwanawe Asim, na kutokana na ndoa hiyo akapatikana bibi aliyemzaa Umar bin Abdulaziz, khalifa wa Bani Umayya kuanzia mwaka 717 hadi 720. Huyu naye husimuliwa kwamba mazungumzo yalipotoka katika kazi ya dola yakaingia ya nyumbani kwake, alizima taa iliyowashwa kwa mafuta ya Hazina, akawasha yake.

Wapo wanaodhani kwamba kuyaleta mambo haya ofisini ni kuitia dini chumvi isiyokuwamo. Hao wausome mwanzo wa Sura ya 23. Waumini waliofaulu wanatajwa sifa zao, na sifa ya kwanza ni unyenyekevu katika swala, ule tuuitao khushui. Kisha hutajwa kujiepusha na upuuzi, kutoa zaka na kuhifadhi tupu, halafu kuchunga amana na ahadi, ndipo swala inaporudi tena katika aya ya 9. Amana imewekwa baina ya swala na swala. Jalada la mstaafu ni amana, chaki ya shule ni amana, na dakika 40 za kipindi cha hesabu ni amana.

Tuchukue mfano wa Ijumaa, ambao nautaja kwa tahadhari maana najua utawaudhi baadhi ya wasomaji. Swala ya Ijumaa ina rakaa mbili. Katika baadhi ya ofisi zetu rakaa hizo mbili huanza saa sita mchana na kumalizika Jumatatu asubuhi. Koti linaning'inia kitini, mwenye koti hayupo. Ilhali Sura ya 62, iliyopewa jina la siku hiyo hiyo, inawaamrisha waumini waache biashara na kuiendea swala, na aya inayofuata inawaamrisha watawanyike katika ardhi wakatafute fadhila za Mwenyezi Mungu swala inapokwisha. Amri ya kwenda na amri ya kutoka zimepangwa bega kwa bega. Asiyeitekeleza ya pili asijivunie sana ya kwanza.

Sasa kicho hicho hulelewaje? Hapa nawageukia walimu, wa shule na wa vyuo vya Kurani. Wako watoto wengi waliojua majoka ya kaburini kabla ya kujua maana ya Alhamdu. Wamejifunza kutetemeka mbele ya bakora, na mtoto hana njia ya kutofautisha mtetemeko wa bakora na kicho cha Mungu kama hakuna aliyemwonyesha tofauti. Siku bakora inapokwenda, na kicho huondoka nayo. Mawaidha ya kupiga kelele ambayo siku hizi husambazwa katika simu yanaendeleza kazi ile ile kwa watu wazima. Msikilizaji hulia usiku, na asubuhi yu vile vile.

Bukhari na Muslim wamepokea kutoka kwa Abu Huraira habari ya mtu aliyeingia msikitini, akaswali mbio mbio, kisha akaja kumsalimu Mtume. Mtume alimjibu salamu yake, akamwambia arudi akaswali kwa kuwa hajaswali. Ikawa hivyo mara tatu. Mwisho mtu yule akaomba afundishwe, na Mtume akamfundisha hatua kwa hatua: arukuu mpaka atulie, ainuke mpaka asimame sawasawa, asujudu mpaka atulie. Hakutukanwa, wala hakuelezwa habari za moto. Alianzishiwa utulivu wa viungo, kwani moyo hautulii ndani ya mwili unaokimbia. Mwalimu yeyote aliyehitimu mafunzo atautambua ufundishaji huo.

Imamu Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ametenga kitabu kizima cha Ihya Ulumiddin kwa ajili ya hofu na matumaini. Ameifananisha hofu na mjeledi: ukipungua haumfikishi mtu popote, na ukizidi humvunja akakata tamaa. Naye alikuwa mwalimu. Mwaka 1095, akiwa katika kilele cha sifa zake katika madrasa ya Nidhamiya mjini Baghdad, alijichunguza akaona kwamba anafundisha kwa ajili ya cheo na jina. Akaiacha kazi, akaondoka. Siwashauri walimu wetu wamfuate katika hilo la kuacha kazi, maana shule zinawahitaji. Lakini ule uchunguzi unamfaa kila mmoja. Harith al-Muhasibi, aliyefariki mwaka 857, alipata lakabu yake kwa kuihesabu nafsi yake hivyo. Mtunza fedha hufunga daftari lake kila jioni, hangoji mwisho wa mwaka. Basi, na mtu ajiulize kabla ya kulala: leo nimemwambia nani aje kesho pasipo sababu? Niliyoyafanya mlango ukiwa umefungwa, ningeyafanya ukiwa wazi?

Pwani yetu nayo haikukosa walezi wa kicho. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mtunzi wa Al-Inkishafi, aliusemesha moyo wake mwenyewe na kuuonyesha magofu ya Pate, majumba yaliyojaa fahari ambayo yamebaki na popo. Jahanamu ameitaja pia, lakini mwishoni, akisha kuufumbua macho moyo.

Najua kuna swali limebaki. Serikali yetu haina dini, na wananchi wanaofika mezani ni wa dini zote na wasio na dini. Hivyo ndivyo inavyopasa kuwa. Lakini amana haina dini ya mwenyewe. Mstaafu yule anayesubiri huenda ni Mkristo wa Rungwe au mzee wa mila wa Sukuma, na haki iliyomo katika jalada lake inamwelemea Muislamu aliyelificha sawasawa na haki ya Muislamu mwenziwe. Ofisi hufungwa saa tisa na nusu, na mzee bado yuko kwenye benchi la ukumbini.