Masega ya Gari Hayafi, Yanauawa

Imekuwa desturi katika miji yetu kwamba gari likipungua nguvu na taa ya injini ikawaka, hupelekwa chini ya mwembe na kupewa hukumu moja tu: “Masega yameziba, tuyatoe.” Bomba la ekzosi hukatwa, kipande cha bomba tupu huchomelewa mahali pake, gari likapata mngurumo mpya, na mwenyewe akaondoka akiamini kuwa ametibiwa. Hakutibiwa. Ameondolewa mali yake, na jirani zake wametiliwa sumu.

Masega ni kifaa kilichoanza kuenea katika magari ya Marekani ya mwaka 1975, kufuatia sheria ya hewa safi ya 1970. Ndani yake mna kauri yenye vitundu vyembamba mfano wa sega la nyuki, iliyopakwa madini ya thamani: platinamu, paladiamu na rodiamu. Moshi ukipita humo, kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu lakini yenye kuua, hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi. Petroli isiyoungua huunguzwa, nazo oksidi za naitrojeni huvunjwa. Madini hayo hayaliwi na kazi hiyo. Kwa hiyo masega ya gari linalotunzwa yaweza kudumu zaidi ya kilometa laki moja.

Basi ni nani anayeyaua? Ni sisi wenyewe. Plagi ikichoka, petroli mbichi hutoka katika silinda na kwenda kuungulia ndani ya masega. Joto hupanda kupita kiasi, kauri ikayeyuka na kuziba njia. Ringi za pistoni zikilika, oili huungua pamoja na petroli, na fosforasi yake hufunika madini yasiguse moshi. Gasketi ikivuja, maji ya rejeta nayo hufanya uharibifu huohuo. Zamani tungeweza kulaumu risasi iliyotiwa katika petroli, maana hiyo huyaua masega upesi. Lakini nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha petroli hiyo kufikia 2006, na Algeria, ya mwisho duniani, mwaka 2021. Udhuru huo umekwisha.

Kwa hiyo masega yaliyoziba si ugonjwa, ni dalili. Yakiachwa, injini hushindwa kupumua, hulemewa mlimani, hunywa petroli na kuchemka. Yakikatwa, ugonjwa hubaki palepale katika injini, na sumu hupewa ruhusa ya kutoka. Hata anayefunga masega mapya bila ya kutengeneza injini anatupa fedha, kwani nayo yatakufa kifo hichohicho.

Wapo watakaosema kuwa masega mapya ni ghali na mshahara wa mtumishi haukidhi. Hoja hiyo ni ya kweli, nayo ndiyo inayotuhukumu. Plagi ni bei ndogo; tulingoja nini? Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na kama masega hayana maana, mbona wapo wanaoyanunua hata yakiwa mabovu? Wanunuzi hao wanajua kilichomo ndani. Mwenye gari ndiye asiyejua.

Hapana budi hatua zichukuliwe. Fundi aoneshe chanzo cha hitilafu kabla ya kushika msumeno. Mwenye gari aiheshimu taa ya injini, asiizibe kwa karatasi. Nao ukaguzi wa magari usiishie kwenye taa na breki, bali upime na moshi.

Ndugu mwalimu, ndugu mtumishi, mwenye gari huuacha moshi wake nyuma. Wanaoupokea ni mama anayeuza vitumbua kando ya barabara na mtoto anayengoja daladala kwenda shule. Hao hawana gari, hawakushauriwa chini ya mwembe, wala hawakupata senti ya masega yaliyouzwa. Tusiwalipishe kwa mapafu yao uzembe wetu wa kutobadilisha plagi.